Vitu Virudi, Maneno Yabaki: Ushauri wa Kuandaa Maonesho ya Jamii Katika Maktaba za Shinyanga na Geita

Kitu mashuhuri kuliko vyote kilichowahi kuchimbwa mkoani Shinyanga hakipo Shinyanga. Ni almasi ya rangi ya waridi iliyotoka Mwadui, mgodi wa yule mwanajiolojia Mkanada, John Williamson, aliyegundua mwamba wa almasi pale mwaka 1940. Kabla ya kukatwa lilikuwa jiwe la karati 54.5. Mwaka 1947 Williamson alilitoa zawadi ya harusi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, likachongwa likabaki karati 23.6, likakaa katikati ya bruchi yenye umbo la ua. Dhahabu ya Geita nayo huondoka kwa njia zake. Ndiyo maana mkutubi wa huku akiambiwa aandae maonesho ya jamii hujiuliza ataonesha nini, ilhali vitu vyenyewe vimekwisha kuondoka.

Havijaondoka. Maonesho yanayofaa maktaba ya umma hutokana na vitu vilivyomo majumbani mwa watu, vitu ambavyo hakuna mfanyabiashara aliyewahi kuviulizia bei, pamoja na maneno ya wenye vitu. Na hapo kwenye maneno ndipo ilipo kazi ya mkutubi. Makumbusho hutunza vitu. Maktaba inaweza kuvirudisha vyote kwa wenyewe Jumamosi ya mwisho na bado ikabaki na utajiri, ikiwa maneno yameandikwa, yamepewa namba na kupangwa rafuni. Naandika kwa ajili ya wakutubi, walimu, viongozi wa mitaa na vijana wa kujitolea wanaotaka kufanya kazi hiyo na hawajui waanzie wapi.

Bodi ya Huduma za Maktaba ipo kisheria tangu mwaka 1963, na Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, Siku ya Uhuru. Shinyanga ina maktaba yake ya mkoa. Mara nyingi wanaoingia humo ni wanafunzi wenye madaftari yao, wanaotafuta meza na utulivu. Mama anayeuza nyanya ng'ambo ya barabara hupita mlangoni kila siku bila kudhani kwamba mlango ule unamhusu. Maonesho ni ya kumwingiza yeye. Basi yawe ya jambo analolijua kuliko mkutubi.

Anza na swali moja. Usianze na kichwa kama "Historia ya Mkoa Wetu", kwa sababu kichwa kipana namna hiyo huishia kuwa ukuta wa picha za viongozi. Swali ambalo ningeanza nalo mimi ni hili: kabla ya maji ya Ziwa Victoria kufika, nyumbani kwenu mlichota wapi? Mradi uliovuta maji kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, hadi Kahama na Shinyanga ulizinduliwa mwaka 2009. Kabla ya hapo mji wa Shinyanga ulitegemea bwawa la Ning'hwa, na vijiji vingi vilitegemea malambo, visima vya kuchimba kwa mkono na mchanga wa mito iliyokauka. Kila mtu mzima wa mkoa huu ana jibu. Kila nyumba ina ushahidi pia: mtungi uliopasuka mdomo, kata ya kibuyu, ngata, ndoo yenye viraka, baiskeli iliyobeba madumu manne mpaka fremu ikapinda. Vitu hivyo havivutii wezi, havihitaji bima, na mtoto akivishika haviharibiki.

Mtu akileta ndoo, usiipokee na kumshukuru tu. Mkaribishe aketi. Mwulize alikuwa anaamka saa ngapi, alikwenda na nani, foleni ilipangwa vipi, nani aliruhusiwa kutangulia, ugomvi ulimalizwaje, na maji ya dumu moja yaligawanywaje kati ya kupika, kunywa na kuoga. Rekodi kwa simu. Ukiyapata majibu ya watu ishirini wa kata tofauti, una jambo ambalo halimo katika kitabu chochote kwenye rafu zako.

Swali la pili linalofaa sana huku ni la miti. Misitu ya Usukuma ilifyekwa kwa sababu nyingi, zikiwemo kampeni za enzi za ukoloni za kumfukuza mbung'o na kupanuka kwa mashamba ya pamba. Mwaka 1986 serikali ilianzisha HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, na mradi ukafanikiwa pale ulipoacha kuwafundisha watu mambo mapya na kurudi kwenye ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga eneo la malisho na miti lipumzike hadi kiangazi. Mamia ya maelfu ya hekta yalirudi kuwa kijani, na mwaka 2002 kazi hiyo ikapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Kwa maonesho ya ngitili huhitaji fedha. Waombe wazee watatu waende na wanafunzi porini, wachume majani, wayakaushe kati ya kurasa za magazeti ya zamani, wayabandike kwenye manila, na chini ya kila jani waandike jina la Kisukuma, jina la Kiswahili kama lipo, na mti huo ulifanya kazi gani: kuni, dawa ya ng'ombe, mpini wa jembe, kivuli cha baraza. Wazee wasipokubaliana kuhusu jina, andikeni yote mawili na kijiji cha kila mmoja.

Huko Geita na Kahama watu watataka dhahabu, nao wana haki. Lakini hapa pana mambo ambayo lazima yasemwe bila kuzunguka.

Kwanza, dhahabu halisi isiletwe. Madini yana sheria yake ya umiliki na usafirishaji, na tangu Machi 2019, Geita ilipofunguliwa soko lake la madini, mahali pa dhahabu kuonekana ni sokoni. Mkutubi hana ulinzi wa kuitunza hata gramu moja usiku. Mkitaka mwamba, nendeni kwa Afisa Madini Mkazi, mweleze mnachokusudia, awashauri mawe gani yanaweza kuoneshwa na kwa kibali gani.

Pili, zebaki isivuke kizingiti cha maktaba, wala chombo chochote kilichowahi kuishika. Zebaki hugeuka mvuke hata bila kupashwa moto, na mvuke wake hauna rangi wala harufu. Karai la mchenjuaji, kitambaa alichokamulia, sufuria aliyochomea, vyote vimebeba mabaki hata vikisuguliwa kwa mchanga. Ukiviweka katika chumba chenye watoto na madirisha yaliyofungwa kwa sababu ya vumbi, umewatia hatarini. Nunueni karai jipya, lioneshe kazi, na bango liseme wazi kwamba ni jipya na sababu yake. Hilo peke yake ni somo. Mkataba wa dunia wa kudhibiti zebaki, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, umepewa jina la Minamata, mji wa Japani ambako taka za kiwanda zenye zebaki ziliingia baharini, zikaingia kwenye samaki, na watu wakaugua na kufa. Ugonjwa ulitangazwa mwaka 1956. Mji huo ulifungua makumbusho yake mwaka 1993, na ndani yake wagonjwa wenyewe na ndugu zao husimulia mbele ya wageni. Nasi tunaweza. Mama aliyefanya kazi miaka mingi mwaloni, kunakochenjuliwa dhahabu, akisimama mbele ya karai jipya na kueleza alivyokuwa akishika zebaki kwa mikono mitupu, wasikilizaji wake watakumbuka zaidi ya wasomaji wa kipeperushi.

Tatu, wachimbaji wazee wanapungua. Mgodi wa zamani wa Geita ulifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi mwaka 1966. Kijana aliyekuwa na miaka 20 siku ulipofungwa amekwisha kuvuka 75. Mgodi mkubwa wa sasa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000 na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001, kwa hiyo hata waliokuwa wakichimba kwa tindo na nyundo kabla ya hapo sasa ni watu wazima wenye wajukuu. Watafuteni mwaka huu. Waulizeni kuhusu duara, yaani shimo la mchimbaji: lilichimbwaje, matimba yalikatwa miti gani, nani alishuka wa kwanza, viroba viligawanywaje kati ya mwenye duara, mwenye eneo na wachimbaji, nini kilibadilika karasha, mashine za kusaga mawe, zilipofika. Na waulizeni kuhusu waliofukiwa. Taifa zima linakumbuka Nyangalata, wilayani Kahama, ambako Novemba 2015 wachimbaji watano walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Wengi waliofukiwa kwingine hawakutoka, na majina yao yamebaki kwa familia tu. Maonesho ya uchimbaji yasiyokuwa na nafasi yao hayajakamilika. Ila hakuna jina wala picha ya marehemu itakayowekwa kabla familia haijakubali, na ridhaa hiyo itafutwe nyumbani kwao, kwa kuketi, siyo kwa simu.

Namna ya kuomba vitu ni kazi inayotaka adabu kuliko fedha. Tangazo la kubandika mlangoni halitoshi, maana wenye vitu hawapiti mlangoni. Tumieni redio za huku, kwa mfano Radio Faraja ya Shinyanga, matangazo ya kanisani na msikitini, vikao vya mtaa, na siku za mnada. Anayekwenda kwa mzee awe amefuatana na mtu wa ukoo au jirani, asalimu ipasavyo, ng'wangaluka kama ni asubuhi, na asiombe kitu katika dakika za mwanzo. Mzee akisema kitu hakiondoki nyumbani, kipigeni picha palepale na kupima urefu wake. Picha nzuri yenye maelezo inatosha. Kinachoondoka kiandikiwe fomu ya nakala mbili: ni kitu gani, cha nani, kina ufa wapi, kimepokelewa lini na nani, kitarudi lini. Asiyejua kusoma asomewe fomu mbele ya mtu anayemwamini. Picha za zamani zisibaki maktaba hata usiku mmoja: zipelekwe steshenari, zitolewe nakala, za asili zirudi siku hiyohiyo. Seloteepu na gundi zisiguse kitu cha asili. Na mtu akileta chombo cha kale sana kilichofukuliwa ardhini, msikisafishe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavihusu vitu vya namna hiyo, kwa hiyo mjulishe Afisa Utamaduni.

Sasa niseme la watu kuumia, kwa sababu kanda yetu ina majeraha ambayo waandaaji wa maonesho kwingineko hawana haja ya kuyafikiria. Huku wanawake wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na watu wenye ualbino wamewindwa na kukatwa viungo. Picha ya bibi aliyeshika kibuyu cha dawa, ikiwa na jina lake na kitongoji chake chini, kwako ni utamaduni. Kwa jirani mwenye chuki inaweza kuwa kisingizio. Vifaa vya tiba za asili vioneshwe kwa idhini ya wenyewe, bila majina ya mahali wanapoishi, au visioneshwe kabisa. Watoto wenye ualbino wasipigwe picha kwa ajili ya ukuta. Mkitaka kuadhimisha tarehe 13 Juni, Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Ualbino, waachieni watu wazima wenye ualbino wapange wenyewe nini kisemwe na nani aseme. Tangu Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayotaka ridhaa ya mtu kabla ya kutumia taarifa zake, lakini hata isingekuwapo, mkutubi angewajibika. Jina la mkopeshaji liandikwe akitaka. Asipotaka, "mkazi wa Kishapu" inatosha.

Mabango yawe mafupi. Sentensi tatu, herufi kubwa zinazosomeka na mtu aliyesimama hatua mbili, yakining'inia usawa wa macho ya mwanafunzi wa darasa la sita, kwa Kiswahili na Kisukuma. Usiandike "Mtungi, chombo cha kuhifadhia maji"; kila mtu anaona kwamba ni mtungi. Andika alichosema mwenyewe: ulinunuliwa kwa nini, ulikaa kona gani, uliachwa lini na kwa sababu ipi. Kamba ya katani na vibanio vya nguo hushika karatasi vizuri kuliko gundi, na haviachi alama ukutani. Picha zisikae mkabala na dirisha la magharibi. Jua la Shinyanga la alasiri huzifubaza katika wiki chache.

Kati ya njia zote za kuwafanya watu waongee, sijui inayoshinda ramani ya sakafuni. Cape Town kuna makumbusho ya District Six, yaliyofunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya mtaa ambao serikali ya ubaguzi iliwahamisha watu wake kwa nguvu na kuubomoa. Sakafuni walitandaza ramani kubwa ya mitaa iliyopotea, na wakazi wa zamani wakainama wakaandika majina yao pale nyumba zao zilipokuwa. Nasi tuna kuhama kwetu: Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, watu waliopisha migodi, vijiji vya wachimbaji vilivyoota na kukauka. Chora wilaya kwenye turubai kwa rangi ya mafuta, weka barabara, reli, mito na vilima, acha nafasi nyingi tupu, toa kalamu. Weka na kijana kando wa kuandika yale ambayo wazee watasema huku wakioneshana. Kijana huyo ni wa lazima. Bila yeye ramani itajaa majina na hadithi zote zitatoka mlangoni.

Kuhusu matukio ya kuandamana na maonesho, machache yatoshe. Ngoma ni kivutio kikubwa huku, na wazee wa Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, wanaweza kukaribishwa kueleza ushindani wao kabla ya kucheza, jambo ambalo watazamaji wa tamasha la Bulabo kule Bujora hawapati nafasi ya kulisikia kwa utulivu. Ichezwe nje, mtendaji na polisi wakijulishwa mapema. Ndani kuwe na saa moja ya kusomeana kwa sauti. Vilevile watafuteni waliosoma kisomo chenye manufaa: mradi wa majaribio ulioanza mwaka 1968 katika mikoa ya Ziwa, Shinyanga ikiwemo, uliwafundisha watu wazima herufi kupitia kazi zao, pamba kwa mfano, na mwaka 1974 Mwanza ikapata gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho, la wasomaji hao wapya. Bibi aliyejua kusoma akiwa na watoto watano akisoma ukurasa mbele ya wanafunzi wa sekondari, hiyo ni hotuba tosha ya uzinduzi. Mgeni rasmi anaweza kuketi na kusikiliza.

Wakati mzuri ni Julai. Mavuno yamekwisha, mvua haipo, na tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, kwa hiyo barua ya kuomba ruhusa inapata sababu. Geita wana maonesho yao makubwa ya teknolojia ya madini pale Bombambili tangu mwaka 2018, kwa kawaida kuelekea mwisho wa Septemba. Msishindane nayo, ombeni meza ndani yake. Wachimbaji hawatakuja mjini kuangalia manila. Mabango yawe mepesi ya kukunjwa na kufungwa kwenye pikipiki yaende Rwamgasa, Nyarugusu, Mgusu na Mwakitolyo, yaoneshwe jioni watu wakishatoka kwenye maduara. Mahali pasipo na maktaba, kituo cha walimu au darasa la shule ya msingi linafaa.

Fedha. Kampuni za madini zinawajibika kisheria, hasa tangu marekebisho ya mwaka 2017, kupanga huduma kwa jamii pamoja na halmashauri, na halmashauri zenyewe hupokea ushuru wa huduma unaotokana na mapato ya migodi hiyo. Si aibu kuomba. Andikeni mnachohitaji kwa majina: taa, turubai, nakala za picha, mafuta ya pikipiki, chai ya wazee. Ila mwafaka uandikwe mapema kwamba anayelipia fremu hachagui picha. Mfadhili asipokubali hilo, fanyeni maonesho madogo zaidi.

Maonesho yakifungwa, hesabu ya wageni haina uzito mkubwa kama wengi wanavyodhani. Kazi kubwa ndiyo inaanza. Rudisheni vitu, mkopeshaji asaini. Kisha ketini na rekodi, mziandike kwa maneno yaleyale ya msemaji, Kisukuma kibaki Kisukuma na tafsiri iwe pembeni. Toeni nakala mbili: moja ijalidiwe na kupewa namba rafuni, nyingine apelekewe msemaji. Rekodi zenyewe ziwekwe kwenye diski mbili zinazokaa majengo mawili tofauti. Mkipata nguvu ya kuchapa kijitabu, Bodi ya Huduma za Maktaba ndiyo inayotoa namba za ISBN nchini, na sheria yake ya mwaka 1975 inataka machapisho yawekwe nakala kwake, kwa hiyo maneno ya bibi wa Kishapu yatakaa Dar es Salaam rafu moja na vitabu vya maprofesa.

Jambo la mwisho ni daftari la wageni. Msiache nafasi ya jina na saini tu. Upande wa kulia wa kila ukurasa andikeni "Mmekosea wapi?" Watu wataandika. Atasema mmoja kwamba kisima kile hakikuchimbwa na wamisionari, mwingine kwamba duara la kwanza halikuwa pale, mwingine kwamba babu yake ndiye aliyeonesha njia na jina lake halimo. Msijibizane nao ukutani. Chukueni namba za simu za walioridhia, muwafuate, muandike na maelezo yao, myaweke katika jalada lilelile pamoja na yale wanayoyapinga. Daftari lenyewe nalo lipewe namba ya maktaba.